Nasaba ya Kipunji Haikai Kwenye Jeni Moja

Mei 2005 jarida la Science lilitangaza kwamba Tanzania ina aina ya tumbili ambayo wanasayansi hawakuwa wameisajili. Makundi mawili ya watafiti, kila moja likiwa kwenye shughuli zake, yalikuwa yamemwona mnyama huyo katika misitu miwili: kundi moja kwenye mlima Rungwe na maeneo jirani ya Kitulo, nyanda za juu kusini, na jingine katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, kiasi cha kilomita 350 kutoka hapo. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua tangu zamani na kumwita kipunji, na jina hilo ndilo lililobaki. Ni mnyama wa juu ya miti, mwenye manyoya marefu ya kahawia, kishungi kilichosimama kichwani, mkia wenye ncha nyeupe, na mlio mzito ulio kati ya honi na kubweka. Kwa kuangalia umbo lake walimweka kwenye jenasi ya mangabei, Lophocebus. Baada ya mwaka mmoja alihamishwa. Yaliyofuata uhamisho huo yanaonyesha, kuliko mfano mwingine wowote ninaoujua, jinsi undugu wa viumbe unavyotafutwa ndani ya vinasaba, na mahali ambapo utafutaji huo huteleza.

Kilichosababisha uhamisho ni dume mmoja mchanga aliyekutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima huko Rungwe. Kabla ya hapo watafiti walikuwa na picha na sauti tu. Sasa wakapata fuvu, meno na kipande cha nyama. Nyama ikatoa DNA, na DNA ikasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: ndugu wa karibu zaidi wa mnyama huyu ni nyani, wale wanaotembea chini kwa makundi makubwa na kuvamia mashamba ya mahindi. Fuvu halikukubali. Halikuwa na ule mdomo mrefu wa nyani wala alama nyingine za uso wake. Basi mwaka 2006 kipunji akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, ambayo ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya tumbili wa Afrika tangu 1923. Mwaka 2009 uchunguzi wa DNA ya mitokondria ukazidisha utata: kipunji wa Rungwe hakuonekana kuwa ndugu wa nyani tu, bali alikaa ndani kabisa ya ukoo wa nyani, karibu na nyani wa njano wa maeneo yaleyale. Mwaka 2010 zikaja sampuli za Ndundulu. Hawa mitokondria zao hazikuwa za nyani. Zilikaa nje ya ukoo huo, kama inavyotarajiwa kwa mnyama aliye jirani wa nyani lakini si nyani.

Kwa hiyo tuna wanyama wa sura moja, mlio mmoja na jina moja, ambao kipande kimoja cha vinasaba vyao kinasema ni wa koo mbili. Msomaji anaweza kusema kwamba maabara imekosea, au kwamba elimu hii yote ni ya kubahatisha. Maoni yangu ni kinyume cha hayo. Kila kipande cha jenomu kina nasaba yake, na nasaba hizo hazilazimiki kufanana. Anayetaka kujua historia ya spishi hana budi kusoma vipande vingi, kisha aeleze kwa nini vinapishana. Kupishana kwenyewe ni ushahidi. Mtu anayekuficha kupishana huko kwa kukupa mti mmoja msafi wenye alama ya asilimia 100 kwenye kila tawi amekunyima nusu ya habari.

Tuanze na mitokondria, kwa kuwa ndiyo iliyozua mzozo. Hivi ni viungo vidogo ndani ya seli vinavyozalisha nishati, navyo vina DNA yao wenyewe, mzunguko mfupi wa herufi 16,500 hivi, ukilinganisha na karibu bilioni 3 zilizomo katika kiini cha seli ya tumbili au ya mtu. Mtoto huzipata kwa mama peke yake. Ni nasaba ya kuukeni tupu: mama, bibi mzaa mama, mama wa bibi huyo, hadi mwanzo. Kwa miaka mingi watafiti waliipenda DNA hii kwa sababu ni fupi, iko nakala nyingi katika kila seli, na hupatikana hata kwenye kinyesi na ngozi kavu. Miti mingi ya undugu wa wanyama iliyochorwa katika miaka ya 1980 na 1990 ilitegemea kipande hicho. Lakini nasaba ya kuukeni ni uzi mmoja kati ya maelfu. Mtu akikusimulia ukoo wake kwa kumtaja mama wa mama wa mama, hajasema uongo, ila ameacha nje babu zake wote wa kuumeni na bibi zake wengi pia.

Sasa tazama yanayowezekana Rungwe. Chukua nyani jike aliyeingia katika kundi la kipunji na kuzaa na dume wa kipunji. Binti yake ana nusu ya jenomu kutoka kwa nyani na nusu kutoka kwa kipunji, lakini mitokondria zake zote ni za nyani. Binti huyo anakaa na kundi, anazaa na dume wa kipunji. Mjukuu anabaki na robo ya unyani, na mitokondria zilezile. Endelea hivyo kwa vizazi vya kike kumi na sehemu ya nyani katika kiini cha seli imeshuka kwa wastani hadi 1 kwa 1,024, yaani herufi kama milioni 3 kati ya bilioni 3. Kwa sura, kwa meno, kwa mlio na kwa tabia mnyama huyo ni kipunji kamili. Mitokondria zake bado ni za nyani kwa herufi zote 16,500. Katika kundi dogo lililojitenga mlimani, bahati tu inatosha kuueneza ukoo huo wa kike mpaka koo nyingine za kike zipotee. Na kama nyani huyo hakuwahi kufika Ndundulu, au kipunji wa Ndundulu walikuwa wameshatengwa na wenzao, mitokondria za huko zitabaki za asili. Maelezo haya yanachukua ushahidi wote, fuvu na mitokondria za Rungwe na za Ndundulu, bila kumkataa shahidi hata mmoja. Ndiyo maana nayaona bora kuliko kumwita kipunji nyani aliyegeuka sura.

Hapo fuvu linastahili heshima yake. Kuna kawaida ya kudhani kwamba siku vinasaba vilipoingia, wataalamu wa mifupa na ngozi walipitwa na wakati. Fuvu la kipunji lilijengwa na mamia ya jeni za kiini cha seli, na umbo lake ni ripoti ya jeni hizo zote kwa pamoja. Mitokondria hazijengi taya. Aliyeshika fuvu mkononi akasema huyu si nyani alikuwa, bila kujua, anasoma sehemu kubwa zaidi ya jenomu kuliko mwenzake aliyekuwa na kipande cha mitokondria. Tatizo la umbo liko pengine: maisha yanayofanana huzaa maumbo yanayofanana, kama pomboo na papa wanavyofanana pezi la mgongoni. Umbo huchanganya undugu na kazi, na kuvitenganisha si rahisi kwa macho.

Kusoma jenomu nzima kunaanza kwa kazi ya mikono. DNA inatolewa kwenye damu au nyama, inakatwa vipande vifupi, mashine inasoma herufi zake, na kompyuta inaviunga au kuvilinganisha na jenomu ya jirani iliyokwisha kukamilika. Kisha zinatafutwa sehemu zinazolingana kati ya spishi, jeni kwa jeni, na kupangwa mstari juu ya mstari ili herufi ya mmoja ikae chini ya herufi ya mwingine yenye asili moja. Hapa ndipo makosa mengi ya kimyakimya hutokea, kwa sababu jeni hujinakili ndani ya jenomu, na ukilinganisha nakala ya kwanza ya mnyama mmoja na nakala ya pili ya mwingine, utapata mti wa nakala badala ya mti wa wanyama. Baada ya mpangilio ndipo zinakuja hesabu: ni mti upi, pamoja na mwendo upi wa mabadiliko, ungefanya herufi hizi tunazoziona ziwe za kutarajiwa zaidi?

Mwanzoni wengi waliamini kwamba wingi wa jeni ungemaliza ubishi. Mwaka 2003 watafiti walilinganisha jeni 106 za aina nane za hamira. Jeni mojamoja zilipishana, lakini zilipoungwa zote kuwa uzi mmoja mrefu, mti mmoja ulitokea ukiwa na uthibitisho wa asilimia 100 kila tawi. Furaha ilikuwa kubwa. Mwaka uliofuata watafiti wengine walichukua data ileile, wakatumia njia nyingine ya hesabu, wakapata mti tofauti, nao kwa asilimia 100. Mwaka 2013 ikaja kazi ya jeni 1,070 za aina 23 za hamira: kila jeni ilitoa mti wake, miti 1,070 iliyotofautiana yote, na hakuna hata mmoja uliolingana kikamilifu na mti wa uzi mrefu. Asilimia 100 katika hesabu hizi ina maana moja tu, kwamba ukirudia kuchagua herufi kutoka data ileile kwa njia ileile utapata jibu lilelile. Haisemi kwamba njia yenyewe ni sahihi. Kama njia inapotosha kidogo upande mmoja, data nyingi zaidi huongeza uhakika wa upotofu huo.

Sehemu ya kupishana huko ni kelele tu: jeni fupi zenye herufi chache zilizobadilika, zisizoweza kusema lolote kwa uhakika. Lakini sehemu nyingine ni ya kweli kabisa, na chanzo chake kinafahamika. Fikiria ukoo mkubwa wenye sanduku la kanga za mitindo mingi. Siku moja watu wa tawi moja wanahamia Tanga, kila mmoja na kanga alizozipata. Kabla sanduku lililobaki halijapungua mitindo, waliobaki nao wanagawanyika, wengine Mombasa na wengine Lamu. Kwa vizazi, kila mji unapoteza mitindo fulani na kuhifadhi mingine, kwa bahati tu. Mombasa na Lamu ndio ndugu wa karibu, hilo halina shaka. Hata hivyo unaweza kukuta mtindo uliobaki Mombasa na Tanga ukawa umepotea Lamu. Aliyetazama mtindo huo peke yake angesema Mombasa na Tanga ni wamoja. Kadiri migawanyiko miwili inavyokuwa karibu kwa wakati, na kadiri ukoo wa mwanzo ulivyokuwa mkubwa, ndivyo mitindo ya namna hiyo inavyokuwa mingi.

Jambo hili limo ndani ya miili yetu wenyewe. Jenomu ya gorila iliyochapishwa mwaka 2012 ilithibitisha kwamba ndugu wa karibu zaidi wa binadamu ni sokwe mtu. Lakini kazi hiyohiyo ilionyesha kwamba katika kiasi cha asilimia 30 ya jenomu, gorila yuko karibu na binadamu, au karibu na sokwe mtu, kuliko hao wawili walivyo karibu wao kwa wao. Asilimia 30 si kosa la maabara. Ni urithi wa sanduku la zamani, kutoka kwa wahenga waliokuwa wengi na waliogawanyika mara mbili kabla mitindo haijaisha kuchambuliwa.

Pingamizi zito linatoka hapa, na nimelisikia kwa watu makini. Ikiwa jeni moja inaweza kupingana na nyingine kwa sababu ya sanduku la zamani, na pia kwa sababu ya kuzaliana kati ya spishi kama nilivyodai kwa kipunji, basi mtafiti ana visingizio viwili mkononi na anaweza kueleza lolote. Nadharia inayoeleza kila kitu haielezi kitu. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama visingizio hivyo viwili vingeacha alama moja. Haviachi. Rudi kwenye kanga: kama bahati peke yake ndiyo iliyochambua mitindo, basi mitindo ambayo Tanga inashiriki na Mombasa bila Lamu iwe sawa kwa idadi na ile ambayo Tanga inashiriki na Lamu bila Mombasa. Bahati haina upendeleo. Ukikuta Tanga inashiriki na Mombasa mara mbili zaidi, kuna mtu alisafiri kati ya Tanga na Mombasa baada ya ukoo kugawanyika. Hesabu hii ndogo, inayohitaji jenomu tatu za ndugu na moja ya mgeni wa kulinganishia, ndiyo iliyotumika mwaka 2010 kuonyesha kwamba watu wa nje ya Afrika wana sehemu ya urithi wa Neanderthal. Ni hesabu inayoweza kushindwa: idadi zikitoka sawa, dai la kuzaliana linaanguka.

Nyani wametoa uwanja mzuri wa kuipima, kwa sababu kwao kuzaliana kati ya spishi kunaonekana kwa macho. Katika Amboseli, Kenya, makundi ya nyani wa njano yamefuatiliwa tangu 1971, mnyama kwa mnyama, na nyani wa rangi ya zeituni wamekuwa wakiingia na kuzaa nao. Uchunguzi wa mwaka 2022 uliotumia jenomu za nyani 442 wa huko ulikuta urithi mchanganyiko kila mahali, lakini haukutawanyika ovyo. Karibu na jeni zenye kazi, urithi wa kigeni ulikuwa mchache kuliko ulivyotarajiwa, ishara kwamba uchaguzi asilia umekuwa ukiupunguza kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2023 wengine walichapisha uchambuzi wa jenomu za nyani 225 kutoka maeneo 19 ya Afrika, wakaonyesha kwamba nyani wa njano wa magharibi mwa Tanzania wamepokea urithi kutoka matawi matatu tofauti. Uchambuzi huo pia uliweka wazi kwamba waliopeleka vinasaba huku na huko ni madume. Kwa spishi nyingi za nyani majike hubaki walikozaliwa na madume huhama. Mitokondria basi hukaa na ardhi, wakati jeni za kiini husafiri na madume, na ndiyo sababu miti ya mitokondria ya nyani hufuata ramani kuliko inavyofuata rangi ya manyoya. Aliyejua hili mapema asingeshangaa sana na kisa cha Rungwe.

Katika Ziwa Victoria mambo yamekwenda mbali zaidi. Furu wanaoishi humo, mamia ya spishi, pamoja na wale wa maziwa ya jirani, wanatokana na mchanganyiko wa koo mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya juu, uliotokea miaka kama 150,000 iliyopita. Kazi iliyochapishwa mwaka 2017 ilionyesha kwamba utajiri wa jeni wa mchanganyiko huo ndio uliowapa samaki hao malighafi ya kugawanyika haraka hivyo. Huko mtu akisisitiza kuchora mti wenye matawi yanayotengana daima, atakuwa anafuta tukio kubwa kuliko yote katika historia yao.

Lakini si kila mahali pana utata, na ni haki kusema hivyo. Pimbi wa mawe, mwenye umbo la sungura asiye na masikio marefu, ni ndugu wa tembo na nguva. Undugu wa hao watatu ulishukiwa na wataalamu wa mifupa tangu zamani. Ambacho hawakukiona, na ambacho DNA ilikifichua katika miaka ya 1990, ni kwamba muhanga, sange, fuko wa dhahabu na tenreki wa Madagascar wamo katika nyumba hiyohiyo, iliyopewa jina la Afrotheria. Uthibitisho ninaoupenda zaidi ulikuja 2003. Ndani ya jenomu kuna vipande vinavyojinakili na kujipachika mahali pengine, na vikishajipachika ni nadra kung'oka. Aina moja ya vipande hivyo ilikutwa kwa wanyama wa nyumba hiyo tu. Wanaohariri hati za kale za tenzi wanaijua hoja ya namna hii: hati mbili zikiwa na kosa moja la mwandishi katika ubeti uleule, zilinakiliwa kutoka hati moja. Hakuna anayedhani waandishi wawili waliteleza kalamu mahali pamoja kwa bahati. Lakini hata mashahidi hawa wazuri wana mpaka wao. Mwaka 2009 vipande vya namna hiyo vilipotumiwa kuuliza ni tawi lipi lilitoka kwanza kati ya mamalia wa Kiafrika, wa Amerika Kusini na wa kaskazini, vilijigawa karibu sawasawa kwa majibu yote matatu. Jibu lenye busara hapo ni kwamba matawi hayo yaliachana karibu kwa wakati mmoja.

Linabaki pingamizi la upande wa pili, la wale wanaosema tatizo ni uchache wa data, tusome jenomu nyingi zaidi na ubishi utakwisha. Kwa hao nina kisa cha flamingo, au heroe kama wengine wanavyomwita, wale ambao wengi wao katika Afrika Mashariki huzaliana Ziwa Natron. Mwaka 2014 kundi kubwa la watafiti lilichapisha mti wa ndege kutoka jenomu nzima za spishi 48. Katika mti huo flamingo na jirani yake kibisi waliwekwa tawi moja na njiwa. Halikuwa jambo dogo, maana tawi hilo lilikaa karibu na shina la takriban ndege wote wa leo. Mwaka 2024 zikaja jenomu za spishi 363, na flamingo akatengana na njiwa. Wachunguzi hawakuishia kusema data mpya ni nyingi zaidi. Walirudi kutafuta ni wapi hasa ndani ya jenomu ile sauti ya njiwa ilitoka, wakaikuta karibu yote katika kipande kimoja cha kromosomu, herufi milioni 21, kiasi cha asilimia 2 ya jenomu ya ndege.

Kipande hicho kinastahili kutazamwa kwa karibu. Kwa kawaida, yai au mbegu inapotengenezwa, kromosomu ya baba na ya mama hubadilishana sehemu, kama watu wanaochanganya karata. Ndiyo maana jeni zilizo mbalimbali kwenye kromosomu huwa na nasaba zinazojitegemea, na tunaweza kuzihesabu kama mashahidi tofauti. Miaka kama milioni 65 iliyopita, wakati matawi ya ndege yalipokuwa yanaachana kwa kasi, ubadilishanaji huo ulizimwa katika kipande hiki. Kikarithiwa kizima kama tofali. Kilipochambuliwa na bahati ya sanduku la zamani, kiliangukia upande wa njiwa chote kwa pamoja, na jeni zake zote zikasema neno moja. Hesabu ya 2014 ikawachukua kuwa mashahidi wengi. Walikuwa shahidi mmoja aliyewafundisha wenzake maneno. Tatizo hilo lisingetatuliwa kwa kuongeza herufi peke yake. Ilihitajika mtu aulize kila kipande kinasema nini na kwa nini. Naona hiyo ni kazi ya kiakili kabisa, isiyotofautiana na ya kadhi anayechunguza ushahidi wa wengi unaolingana mno.

Hayo yote yana uzito kwa kipunji mwenyewe, mnyama ambaye hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilimkadiria kuwa 1,117 tu, na kati yao 75 hivi ndio wa Ndundulu. Wanaomhifadhi wanahitaji kujua kama makundi haya mawili ni spishi moja iliyotengana juzi au koo mbili zilizoachana zamani, maana uamuzi wa kuwaunganisha au kuwaacha walivyo unategemea hilo. Mitokondria pekee zingesema ni tofauti kabisa, moja nyani na nyingine si nyani, na mtu mwenye haraka angewagawa kwa ushahidi huo. Ingekuwa kuwagawa kwa sababu ya bibi mmoja.

Ushahidi wa kutafutwa uko kwenye kiini cha seli, na unaweza kutabiriwa kabla ya kusomwa. Ikiwa nyani jike aliingia Rungwe, lazima aliacha vipande vya kromosomu zake kwa kipunji wa huko, vilivyotawanyika na vichache. Urefu wa vipande hivyo ni saa: kila kizazi ubadilishanaji huvikata, hivyo vikiwa vya herufi milioni nyingi, nyani aliingia juzi, vikiwa vya elfu chache, aliingia zamani sana. Ndundulu vipande hivyo visiwepo, au viwepo kwa kiasi ambacho bahati ya sanduku la zamani ingekitoa. Nje ya vipande hivyo, jenomu za Rungwe na Ndundulu zifanane kuliko zinavyofanana na nyani yeyote. Vikikutwa Ndundulu pia, kwa wingi uleule na urefu uleule, basi kuzaliana kulitokea kabla misitu haijatengana, mitokondria za nyani zilipotea Ndundulu baadaye, na maelezo niliyoyatetea hapa juu kuhusu nyani asiyewahi kufika huko yatakuwa yamekosea mahali pamoja muhimu.